Paa la shangazi: pesa ilipoitangulia kazi

Siku ya tatu baada ya mvua ya upepo, mtu alibisha hodi kwa shangazi yangu. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amevaa kofia ya ujenzi, simu mkononi, na kwa jinsi shangazi alivyonisimulia, maneno yake ya kwanza yalikuwa ya adabu kabisa: "Shikamoo mama. Nilikuwa napita tu, nikaona kofia ya paa lako, pale juu kileleni, imeinuka upande wa nyuma. Mvua ikirudi itakuingilia ndani."

Shangazi ana miaka 71, ni mjane, anaishi peke yake. Kwenye dari ya chumba cha nyuma, juu kabisa ya kitanda, palikuwa tayari na doa la maji lenye rangi ya chai. Kwa hiyo yule fundi aligusa panapouma. Aliomba ngazi, akapanda, akashuka na picha kwenye simu: bati lililoliwa na kutu hadi likatoboka. "Unaona mama? Hata kenchi zimeanza kuoza. Leo nina vijana na vifaa viko karibu, nakufanyia kwa bei ya leo. Kesho siwezi kukuahidi." Shangazi akamwomba amtumie picha zile ili amwonyeshe mwanawe. Akatumiwa. Muda si mrefu akatoa nusu ya bei, taslimu, akapewa kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari.

Kikaratasi hicho ninacho hapa mezani. Kimeandikwa: "Kukarabati paa upande wa nyuma wote na kofia. Jumla," kisha tarakimu, kisha "Amelipa nusu." Chini kuna sahihi isiyosomeka na namba ya simu. Jina halipo. Anwani haipo. Aina ya bati haipo, siku ya kuanza wala ya kumaliza haipo.

Kazi yangu ni kuwasaidia watu kuandika malalamiko dhidi ya wauzaji na watoa huduma, na visa vya mafundi wa nyumba nimevishika vingi. Hata hivyo shangazi hakunipigia simu hadi siku ya 18. Aliona aibu. Alijua nitamuuliza kwa nini alitoa pesa kwa mtu asiyemjua, naye jibu hakuwa nalo. Naitaja aibu hiyo mapema kwa sababu ndiyo iliyokula siku zilezile ambazo sheria za nchi nyingi humpa mteja ajirudi.

Yaliyotokea, siku kwa siku

Siku ya 2, vijana wawili walifika asubuhi na mapema wakang'oa mabati ya upande wa nyuma wote. Kufika mchana papi, zile mbao za kupigilia mabati, zilikuwa wazi, juu yake limetandazwa turubai lililofungwa kwa kamba. Wakaondoka, wakisema wanafuata mabati mapya.

Kukawa kimya siku 9. Simu inaita haipokelewi. Siku ya 6 mvua ilinyesha usiku, turubai likajaa maji katikati kama beseni, kisha likapasuka. Shangazi na jirani yake walihamisha kitanda gizani. Godoro halikupona, na dari ya chumba kile ikalegea na kuanguka kipande kwa kipande kwa siku mbili zilizofuata.

Siku ya 11 fundi akarudi. "Pole sana mama. Mabati yamepanda bei, nimehangaika. Niongezee robo nikumalizie kesho." Shangazi akatoa robo. Akaelewa kwamba sasa amelipa robo tatu na imebaki moja. Hakuna kilichoandikwa.

Siku ya 12 na ya 13 mabati yakapigiliwa. Siku ya 14 fundi akaja na karatasi safi, iliyochapwa vizuri kuliko ile ya kwanza, inayosema kazi imekamilika na mteja ameridhika. Akadai nusu ya bei. Robo ile ya siku ya 11, kwa maelezo yake, ilikuwa nyongeza ya kupanda kwa bei, haikuwa sehemu ya salio. Yaani jumla sasa ni bei ya awali na robo juu yake.

Hapo ndipo shangazi, ambaye kila mtu katika ukoo amemwita mwepesi wa kuamini, alisema sentensi iliyookoa kisa kizima: "Baba, nitasaini mvua ikinyesha."

Hakusaini. Hakulipa. Mvua ilikuja usiku wa kuamkia siku ya 18, maji yakapita sehemu tano ambazo hazikuwahi kuvuja. Ndipo akanipigia.

Mlangoni

Sheria za kumlinda mteja huutazama mlango wa nyumba kwa jicho tofauti na kaunta ya duka. Dukani unaweza kugeuka ukaondoka. Nyumbani kwako huwezi kuondoka, na kumwambia mgeni aliyekusalimia kwa heshima atoke ni kazi ngumu, hasa kwa mtu wa umri wa shangazi. Pia huna bei ya pili ya kulinganisha. Ndiyo maana Marekani ina kanuni ya nchi nzima inayompa aliyeuziwa nyumbani kitu cha dola 25 au zaidi nafasi ya kughairi hadi usiku wa manane wa siku ya tatu ya kazi. Muuzaji analazimika kumwambia kwa mdomo kwamba ana haki hiyo na kumwachia fomu ya kughairi, nakala mbili. Jimbo la California limeongeza kwa wazee: aliyefikisha miaka 65 ana siku tano za kazi kwenye mikataba ya ukarabati wa nyumba. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza hutoa siku 14. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya mwaka 2008, hutoa siku tano za kazi kwa mauzo ya kumfuata mteja.

Kipengele cha Uingereza kinastahili kutazamwa kwa karibu. Mtoa huduma asipomweleza mteja kwamba ana haki ya kughairi, muda wa kughairi hurefuka hadi miezi 12 zaidi. Na akianza kazi ndani ya siku zile 14 bila mteja kuomba hivyo waziwazi, mteja akighairi hadaiwi kitu kwa kazi iliyokwisha kufanyika. Aliyetunga kifungu hicho aliijua mbinu ya siku ya 2.

Maana ni mbinu. Nimeiona tena na tena: fundi wa mlangoni hana haraka ya kumaliza, ana haraka ya kubomoa. Mabati yakishang'olewa, haki ya kughairi hubaki kwenye karatasi. Nani atavunja mkataba na mtu aliyeiacha nyumba yake wazi, wakati mawingu yanakusanyika? Kuanzia siku ya 2, shangazi hakuwa mteja anayechagua. Ukimshauri mtu kuhusu siku za kughairi bila kumwambia "asiguse hata msumari mmoja mpaka siku hizo zipite", umemshauri nusu.

Fundi, tulipokutana baadaye, alijitetea kwamba ilikuwa dharura. Utetezi huo upo kweli kisheria na huwachanganya wengi, kwa sababu nchi nyingi huondoa matengenezo ya dharura kwenye haki ya kughairi. Lakini msamaha huo umewekwa kwa ajili ya mteja aliyeita: bomba limepasuka saa nane usiku, umempigia fundi aje sasa hivi, si haki afanye kazi kisha umwambie umeghairi. Kanuni za Uingereza na za Ulaya zinasema hivyo moja kwa moja, kwamba ni pale mteja mwenyewe alipomwomba mtoa huduma afike kwa matengenezo ya haraka. Anayekuja bila kuitwa kisha akaitangaza dharura mwenyewe hana pa kujificha.

Ile picha

Picha aliyomtumia shangazi niliitazama mara nyingi kabla sijaliona lililokuwa wazi. Bati la kwenye picha lina migongo ya pembe, mipana, iliyoachana. Bati la zamani la shangazi, ambalo mabaki yake yalikuwa bado yameegemezwa ukutani nyuma ya jiko, lina migongo ya mviringo, midogo, iliyokaribiana. Kutu ile ilikuwa ya paa la mtu mwingine. Nilipiga picha bati la ukutani kando ya simu yenye ile picha, vyote katika fremu moja.

Kueleza uongo kuhusu hitaji la matengenezo ni kosa karibu kila palipo na sheria ya kumlinda mteja. Tatizo huwa ni kuthibitisha, maana maneno ya mlangoni huyeyuka. Ombi la shangazi, "nitumie nimwonyeshe mwanangu", lilifanya maneno yaache alama. Sidhani kama aliwaza ushahidi, lakini ndicho alichokifanya.

Kianzio

Sasa nifike kwenye moyo wa kisa hiki. Ukizichuja sheria za ukarabati wa nyumba, za nchi hii na ile, zilizo nyingi zinabaki na swali moja: kwa wakati wowote ule, nani yuko mbele, pesa au kazi?

California hairuhusu kianzio, yaani pesa inayotangulia kazi, kizidi dola 1,000 au asilimia 10 ya bei, kwa kufuata kiasi kilicho kidogo, na malipo yanayofuata kwa kawaida hayaruhusiwi kuizidi thamani ya kazi iliyokwisha fanyika au vifaa vilivyokwisha letwa. Massachusetts huweka kikomo cha theluthi moja ya bei, isipokuwa pale vifaa maalumu vya kuagiza vinapogharimu zaidi. Kule Australia, jimbo la New South Wales huishia asilimia 10, na Victoria hushuka hadi asilimia 5 kazi ikiwa ya dola 20,000 za huko au zaidi. Viwango vinatofautiana, hofu iliyovizaa ni moja. Mtunga sheria ameshaona kwamba fundi aliyelipwa nusu kabla ya kazi ana sababu ndogo ya kurudi, na mteja aliyelipa nusu ana sababu kubwa ya kuendelea kulipa ili ile nusu isipotee.

Shangazi alilipa asilimia 50 siku ya kwanza. Kwa kipimo cha California amevuka mara tano au zaidi. Kwa kipimo cha Massachusetts pia amevuka. Na si kwamba fundi alihitaji kiasi hicho. Mafundi waaminifu wasio na mtaji wapo, ninawafahamu, na ni kweli hawawezi kununua mabati kwa pesa yao. Kwa hao njia ipo: mteja analipa dukani mwenyewe, risiti inaandikwa jina lake, mzigo unaletwa kwake, na fundi analipwa ufundi kwa hatua. Fundi aliyekataa njia hiyo mbele yangu, hata mmoja, sikumwona akimaliza kazi vizuri.

Siku ya 11 ndiyo iliyoniuma zaidi. Kutoa pesa ya pili kwa mtu aliyekuzungusha siku 9 kunaonekana kama upumbavu kwa anayetazama kutoka nje. Kaa ndani ya chumba kile kwanza, dari imeanguka, anga inaonekana kwenye pasuko la turubai. Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2005 kuhusu mienendo isiyo ya haki ya kibiashara yanataja waziwazi kutumia balaa au hali ngumu ya mteja, ambayo mfanyabiashara anaijua, ili kumsukuma aamue. Hapa balaa lenyewe lilitengenezwa na fundi kwa kung'oa mabati kabla hajanunua mengine. Ndiyo maana nilikataa kabisa neno la binamu zangu kwamba shangazi "alijitakia".

Nyongeza ya robo

Kenya, katika Sheria ya Kumlinda Mteja ya mwaka 2012, na Ontario kule Kanada, katika sheria yake ya 2002, zinasema mkataba ukiwa na makisio ya bei, mtoa huduma hawezi kutoza zaidi ya asilimia 10 juu ya makisio hayo. Fundi alitaka asilimia 25. Ingetosha kuishia hapo.

Lakini kikaratasi hakikuandika "makisio". Kiliandika "Jumla". Neno hilo moja lilikuwa na uzito kuliko nilivyodhani mwanzoni. Makisio ni kadirio, linaweza kucheza. Jumla ni bei. Kwa bei iliyokubaliwa, kupanda kwa mabati dukani ni hatari ya fundi, kama ambavyo yangeshuka faida ingekuwa yake, hadi pale wote wawili watakapokubaliana upya. Makubaliano mapya hayakuwepo, kulikuwa na mzee aliyeinua mkono na kutoa pesa huku akidhani analipa salio. Kwa hiyo robo ile tuliihesabu ndani ya bei, na salio likawa robo moja.

Juu ya paa

Nilimtafuta fundi mwingine, mtu mzima, asiye na haja ya kazi hii, nikamlipa siku moja apande aangalie na kuandika alichokiona. Nilipanda naye.

Bati la migongo likipigiliwa msumari, msumari hukaa juu ya mgongo. Maji hushuka kwenye mabonde, kwa hiyo tundu linalokaa juu hupitiwa na matone tu, na kofia ya msumari hulifunika. Kwenye paa la shangazi, safu mbili nzima zilipigiliwa bondeni. Kila msumari ulikuwa mlango wa maji. Alinionyesha pia maungio: mabati mawili yakilaliana, la juu ya mteremko hulala juu ya lile la chini yake, kama magamba ya samaki. Sehemu moja, karibu na ukuta, la chini lilikuwa juu. "Huyu hakulifanya kwa ubaya," fundi yule mzee aliniambia. "Huyu hajui."

Kisha akakwangua vumbi kwenye bati, kukaonekana mhuri wa kiwandani wa unene wa bati: geji 32. Shangazi aliahidiwa "bati nzito". Kwenye geji, namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Kama kikaratasi kingesema geji 28, hapo tungekuwa na uvunjaji wa mkataba ulioandikwa kwenye bati lenyewe. Kwa kuwa hakikusema, tulibaki na neno la shangazi dhidi ya neno la fundi. California na Massachusetts hulazimisha mkataba wa ukarabati wa nyumba uandikwe kuanzia viwango vidogo vya bei, na utaje vifaa, tarehe na ratiba ya malipo. Watu huona hayo ni makaratasi ya kisheria. Mimi huona ule mhuri.

Kuhusu ubora wenyewe, sheria inamsaidia mteja hata karatasi ikiwa tupu. Sheria ya Haki za Mteja ya Uingereza ya mwaka 2015 inaweka ndani ya kila mkataba wa huduma sharti kwamba kazi ifanywe kwa uangalifu na ujuzi wa kuridhisha. Ikikosekana, mteja anaweza kudai irudiwe bila gharama kwake, na isiporudiwa ndani ya muda unaofaa, bei ipunguzwe. Australia na Afrika Kusini zina masharti ya aina hiyo. Katiba ya Kenya, kifungu cha 46, imeweka ubora wa kuridhisha wa bidhaa na huduma kuwa haki ya mteja.

Mpangilio huo, kurudia kwanza na punguzo baadaye, una maana kubwa kwa aliye katikati ya mgogoro. Binamu zangu walitaka kumwita fundi mwingine siku ileile ang'oe kila kitu. Nilikataa. Kung'oa kungeondoa ushahidi wote, na kungempa fundi wa kwanza neno la kusema: hamkunipa nafasi ya kurekebisha. Tulichofanya ni kufunga turubai jipya vizuri, kuhifadhi risiti yake, na kupiga picha kila msumari wa bondeni, bati moja baada ya jingine. Kuzuia hasara isiongezeke ni wajibu wa mteja pia.

Mwenye duka

Siku ya 20 alikuja mtu ambaye hatukumtarajia. Alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ameshika hati ya kupelekea mzigo yenye maelezo ya nyumba ya shangazi. Mabati hayajalipwa. Fundi aliyachukua kwa mkopo akisema "mama atalipa".

Shangazi alikaa chini. Alidhani atalipa paa mara mbili, na kwenye baadhi ya nchi hofu hiyo ina msingi. Marekani na Kanada humruhusu aliyetoa vifaa au kibarua asiyelipwa kuweka dai juu ya nyumba yenyewe, na katika majimbo mengi hata kama mwenye nyumba alishamlipa fundi kila senti. Sheria ya aina hiyo ilipitishwa Maryland mwaka 1791, wakati mji mkuu mpya wa Marekani ukijengwa na wajenzi wakiogopa kutolipwa. Ontario imeweka kinga upande wa pili: anayelipia kazi analazimika kubakiza asilimia 10 ya malipo mpaka muda wa madai hayo upite. Nchi nyingine hazina kitu hicho, na mwenye duka anamdai aliyemkopesha tu. Nyumba ya shangazi iko katika kundi hili la pili. Nilimuuliza mwenye duka swali moja: "Aliyesaini kupokea ni nani?" Alikuwa fundi.

Nilikuwa karibu kumwambia aende akamdai mwenzake, kisha macho yangu yakaangukia tarehe. Mabati yalichukuliwa siku ya 11, kwa mkopo. Kwa maana hiyo nusu iliyotolewa siku ya kwanza haikununua bati hata moja, na robo ya siku ya 11, iliyoombwa kwa sababu "mabati yamepanda", nayo haikununua bati. Hati ile pia ilitaja geji 32. Mtu aliyekuja kudai alikuwa amebeba ushahidi bora kuliko wote tuliokuwa nao. Nikamwomba akae, nikamwambia ukweli wote, na nikamwomba nakala.

Barua na meza

Barua niliyomwandikia fundi ilikuwa ya ukurasa mmoja. Niliitaja bei ya kikaratasi, malipo mawili na tarehe zake, makosa matatu ya kazi kwa picha zake, picha ya bati lisilo la shangazi, na tarehe ya hati ya dukani. Tulidai arudie kazi kwa gharama yake ndani ya siku 14, nyongeza ya bei ifutwe, na bei ipunguzwe kwa tofauti ya geji. Sikuweka tusi wala neno "mwizi". Barua ya namna hii huandikwa kwa ajili ya mtu wa tatu atakayeisoma baadaye, hakimu au ofisa, na huyo hapendi makelele.

Siku mbili za kwanza alipiga simu kwa ukali. Siku ya tatu alimtuma ndugu yake kwa shangazi: "Mama msamehe, ni kijana anatafuta maisha." Shangazi alikaribia kukubali. Wiki iliyofuata tukakaa mezani wanne: fundi, mwenye duka, shangazi na mimi.

Nguvu yetu ndani ya chumba kile ilitoka mahali pamoja. Sheria nilizozitaja hapa nilikuwa nazijua kichwani, na hakuna hata moja iliyomtikisa fundi kama robo ile ambayo shangazi hakuitoa, pamoja na sahihi ambayo hakuiweka. Angekuwa amelipa yote na kusaini kwamba ameridhika, tungekuwa tunaomba. Sasa yeye ndiye aliyekuwa anaomba.

Tulikubaliana kwa maandishi: fundi apigilie upya upande wote wa nyuma akisimamiwa na yule fundi mzee, abadilishe mabati yaliyotobolewa vibaya na kofia yote, ndani ya siku 5. Nyongeza ikafutwa. Robo iliyobaki ilipwe baada ya mvua ya kwanza, iende kwa mwenye duka kwanza, na kinachobaki, baada ya kukatwa tofauti ya geji, kiende kwa fundi. Kilichobaki kilikuwa kidogo sana.

Hatukushinda kila kitu. Godoro na dari havikulipwa. Nilitaka tuvidai kwenye mahakama ya madai madogo, maana mahakama za namna hiyo zimetengenezwa kwa visa kama hiki. Kwa mfano wa Kenya, inapokea madai hadi shilingi 1,000,000, inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Shangazi alikataa. "Nimechoka mwanangu, nataka kulala pakavu." Sikumlazimisha, ingawa mpaka leo sijaridhika. Kwa ruhusa yake nilipeleka maelezo ya kisa kwenye ofisi inayosajili makandarasi, kwa sababu fundi hakuwa na usajili wowote. Huko California hilo peke yake lingetosha: asiye na leseni hawezi kumshtaki mteja kudai malipo, na mteja anaweza kudai arudishiwe kila alichomlipa. Mtu yule bado ana ngazi, na bado ana ile picha kwenye simu.

Kazi ya kurudia ilichukua siku 4. Yule mzee alikaa chini ya mti akihesabu misumari kwa sauti kila ulipopigwa mgongoni.

Mvua ilikuja baada ya siku 9, kubwa, usiku kucha. Asubuhi nilipofika nilimkuta shangazi amekaa kwenye kitanda cha chumba cha nyuma, karatasi ya kukamilika kwa kazi iko mapajani, miwani puani. Alikuwa amekwishasaini. Chini ya sahihi yake aliongeza tarehe na mstari mmoja kwa mwandiko wake wa polepole: "Mvua imenyesha toka saa tano usiku, ndani pakavu."